Nasibu Si Hiari

Iko hoja moja ipitayo katika kumbi za vyuo vikuu vyetu, na katika vitabu vyepesi vya sayansi, ambayo imepewa heshima kubwa kuliko thamani yake. Husemwa hivi: zamani wataalamu wa fizikia waliamini kwamba kila tukio limefungwa na tukio lililolitangulia kama pingili za mnyororo, hata mwanadamu akawa hana hiari, lakini mwaka 1927 kijana mmoja wa Kijerumani, Werner Heisenberg, aliukata mnyororo huo, basi tangu mwaka ule mwanadamu yu huru. Nimeisikia kwa mwanafunzi wa fasihi aliyefurahi kupokea habari njema kutoka upande asioutazamia, na nimeisikia kwa mtu mzima mwenye dini aliyeona kwamba maabara imekuja kutoa ushahidi kwa faida ya msikiti na kanisa. Wote wawili ni watu wema, na kusudi lao ni jema. Walakini hoja yao ni mbovu, na ubovu wake una madhara. Nakusudia kuipinga bila ya kuionea haya.

Mnyororo wenyewe ulielezwa vizuri kuliko popote na Mfaransa Pierre-Simon Laplace mwaka 1814. Alidhania akili kubwa ambayo kwa wakati mmoja ingejua mahali pa kila chembe ya ulimwengu na nguvu zote ziisukumazo, ikaweza na kuzipigia hesabu zote. Kwa akili hiyo kusingekuwa na jambo la mashaka. Yajayo yangeonekana wazi kama yaliyopita. Msomaji aweza kuona jinsi picha hiyo inavyotisha. Ikiwa mwendo wa mkono wangu uandikao maneno haya ulikwisha pangwa katika mavumbi ya mbinguni kabla jua halijawaka, nini maana ya kusema kwamba naandika kwa kupenda kwangu?

Heisenberg, alipokuwa katika chuo cha Niels Bohr mjini Copenhagen, alionyesha kwamba hesabu ya Laplace haiwezi hata kuanzwa. Haiwezekani kwa wakati mmoja mahali pa chembe pawe hakika kabisa na mwendo wake uwe hakika kabisa. Kadiri kimoja kinavyobainika ndivyo kingine kinavyotawanyika, na kuna kiwango ambacho mashaka hayo hayashuki chini yake. Kiwango hicho hutegemea namba iliyoingizwa katika fizikia na Max Planck mwaka 1900, namba ndogo mno. Hapa sharti nitoe mfano, maana wengi waitajao kanuni hii hawakupata kuipigia hesabu. Elektroni iliyozuiliwa katika upana wa atomu moja ina mashaka ya kasi yasiyopungua kilometa 500 na zaidi kwa sekunde. Hayo ni makubwa. Sasa chukua punje ya mchanga yenye uzito wa miligramu 1, ambayo mahali pake pamejulikana kwa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kama punje hiyo ingeachwa itangetange kwa sababu ya kanuni hii peke yake tangu ulimwengu ulipoanza, yaani miaka bilioni 13.8, isingepotea njia zaidi ya sehemu mbili au tatu za mia za milimita. Mchanga wa ufukweni hauna habari na Heisenberg.

Watetezi wa hoja ninayoipinga hawakukosa kuliona hili, nao si watu wa kudharauliwa. Arthur Eddington, yule mtaalamu wa nyota wa Uingereza aliyekwenda kupima kupatwa kwa jua mwaka 1919, alieleza katika hotuba zake za Edinburgh za mwaka 1927 kwamba sayansi imeondoa upinzani wake juu ya hiari. Mmarekani Arthur Compton, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alitoa kitabu kizima juu ya uhuru wa mwanadamu mwaka 1935. Pascual Jordan wa Ujerumani alishika kwamba ndani ya kiumbe hai tukio dogo la atomu moja laweza kukuzwa likawa tendo kubwa, kama cheche iwashavyo ghala ya baruti. Baada yao Roger Penrose alitafuta mahali pa jambo hilo katika vijibomba vilivyomo ndani ya chembe za neva. Na Max Tegmark alimjibu kwa hesabu mwaka 2000 kwamba katika ubongo, ambao una joto na umajimaji, hali ya kwantamu huvurugika upesi mno hata haiwezi kuifaa neva kitu.

Watu wengi husimama hapa wakapigana: je, elektroni yaweza kuusukuma ubongo, au haiwezi? Mimi sitaki vita hivyo. Mwaka 1942 ilipimwa kwamba jicho la mtu aliyezoea giza laweza kuona mwako wenye chembe chache tu za nuru; basi si ajabu kabisa kwamba jambo dogo sana likafika katika fikira zetu. Nawapa watetezi shamba lote bila ya bei. Tuseme katika kila uamuzi wa mwanadamu iko elektroni moja iliyoruka bila ya sababu yoyote, na mruko wake ndio ulioamua. Wamepata nini?

Wamepata nasibu, nao walikuwa wakitafuta hiari.

Lugha yetu imeyaweka maneno haya mawili mbali mbali, wala haikukosea. Nasibu ni lile lijalo bila ya mtu kuliita. Hiari ni lile mtu alichagualo huku akijua analichagua. Neno hiari ni ndugu wa neno heri, maana yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Kana kwamba kuchagua ni kuliona lililo bora na kulielekea. (Najua asili ya neno haithibitishi kitu, lakini huonyesha watu wa kale walikuwa wakitazama wapi.) Tena iko kauli ya kubahatisha. Mtahini amepata karatasi mbili zenye jibu moja, nalo ni sahihi. Mwanafunzi wa kwanza alifuata hesabu hatua kwa hatua. Kila hatua ilimshurutisha kwenda ya pili, hata mwisho hakuwa na njia ila kuandika jibu lile. Mwanafunzi wa pili alirusha sarafu chini ya meza. Au, ili tusigombane juu ya sarafu, tuseme alikuwa na kijisanduku cha kwantamu mfukoni. Kwa hoja ya Eddington na wenzake, wa pili ndiye aliyekuwa huru, kwa kuwa mnyororo wake ulikatika, na wa kwanza alikuwa mfungwa wa hesabu. Lakini kila mwalimu duniani atasema kwamba huyu wa pili amebahatisha, na hilo ni neno la lawama. Hatumpi alama kwa sababu jibu si lake.

Mambo yasiyo na sababu hayana uhaba ndani yetu. Katika mwili wa kila mtu mzima imo potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni nunurifu. Kila sekunde atomu zake zaidi ya 4,000 huvunjika ndani ya mwili wa mtu mmoja, na hapana mtaalamu awezaye kusema ni atomu ipi itakayofuata. Tangu msomaji alipoanza aya hii zimevunjika maelfu mengi. Je, alijisikia akiwa huru zaidi? Huko Uingereza iko mashine iitwayo ERNIE ichaguayo washindi wa hati za akiba za serikali. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1957. Ya tano, iliyoanza mwaka 2019, hutumia nasibu ya kwantamu yenyewe. Mashine hiyo imefunguliwa mnyororo kuliko mwanadamu yeyote, na hapana aliyepata kuishukuru kwa ukarimu wala kuishtaki kwa upendeleo. Kama kukosa sababu ndiko kuwa huru, ingefaa tuipe haki ya kupiga kura.

Kosa hili si jipya. Wafuasi wa Epikuro, miaka elfu mbili na zaidi iliyopita, walisema kwamba atomu zikianguka hupotoka kidogo mahali pasipojulikana na wakati usiojulikana, na kwamba huko ndiko itokako hiari ya viumbe. Mrumi Lucretius aliyatia hayo katika shairi lake kubwa, na Cicero akayacheka. Wenye fizikia wenyewe wako walioliona. Einstein alimwandikia Max Born mwaka 1924 kwamba kama elektroni ndiyo ichaguayo wakati na upande wa kuruka, basi yeye angeona afadhali kuwa mshona viatu, au hata mtumishi wa nyumba ya kamari. Erwin Schrödinger, ambaye mlinganyo wa mwendo wa elektroni una jina lake, alimkataa Jordan waziwazi mwaka 1951. Sijui kwa nini majibu yao hayanukuliwi mara nyingi kama hoja yenyewe. Labda kwa sababu faraja huuzika upesi kuliko masahihisho.

Mjibuji hodari kuliko wote upande wa pili alikuwa Mmarekani Robert Kane, na itakuwa dhuluma kumpita. Alitoa mfano wa mwanamke mfanyabiashara anayekimbilia mkutano mkubwa wa kazi yake, akaona njiani mtu anapigwa kichochoroni. Asimame amsaidie, au aendelee? Moyo wake unavutwa pande mbili, na pande zote mbili ana sababu zake. Kane alisema: tuseme mvutano ule humalizwa na nasibu ya kwantamu, lo lote litokalo litakuwa lake, maana alilitaka na alijitahidi kulipata. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini tazama ni kitu gani ndani yake kifanyacho kazi. Tendo ni lake kwa kuwa alikuwa na sababu na alilitaka. Hayo yote yalikuwako kabla nasibu haijaingia. Nasibu imekuja mwisho, kama mgeni alalaye mezani baada ya wenyeji kupika, na Kane amemgawia sifa ya chakula. Ukimtoa, chakula kipo pale pale. Ukimwacha, jambo moja huharibika: mwanamke yule hawezi tena kutueleza kwa nini alisimama badala ya kupita, kwa kuwa jibu la kweli litakuwa kwamba ilitukia hivyo.

Na maneno hayo, "ilitukia hivyo," ndiyo sababu ya mimi kushika kalamu. Kwetu maneno hayo si ya wanafalsafa peke yao. Dereva wa basi akilipita gari jingine penye kona asipoona mbele, abiria wakafa, wako watu watakaosema: ajali haina kinga. Neno ajali kwa asili yake ni muda uliokadiriwa, siku ya mtu kufa iliyokwisha pangwa. Nasi tumelitumia mpaka likameza pia jambo lililofanywa na mkono wa mtu, kwa mguu wake juu ya kanyagio, kwa haraka yake ya kuwahi kituo. Huo ndio mlango wa kwanza wa kutorokea: yalipangwa. Hoja ya elektroni huufungua wa pili kando yake: yalitukia. Wakili mwerevu wa dereva yule aweza kusimama mbele ya hakimu akasema kwamba mteja wake si wa kulaumiwa, maana uamuzi wa kuipita gari ulitoka katika mruko wa chembe isiyo na sababu ndani ya ubongo wake. Na Eddington, ambaye alidhani anamrudishia mwanadamu heshima yake, atakuwa shahidi wa utetezi. Mlango wa kwanza wampa dereva bwana asiyeweza kumkaidi; wa pili wampa dadu. Katika milango yote miwili dereva hayumo garini.

Kwa wale wenye dini waliofurahishwa na Heisenberg nina neno moja, na nalitoa kutoka katika elimu isiyo ngeni katika darsa za pwani yetu. Wanatauhidi wa madhehebu ya al-Ashari waliukata mnyororo wa Laplace karne nyingi kabla Laplace hajazaliwa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikana kwamba moto una ulazima wowote wa kuunguza pamba. Tuonacho, alisema, ni moto na kuungua vikija pamoja, na ulazima hatukuuona. Hapa basi palikuwa na ulimwengu ambao vitu vyake havishurutishani hata kidogo. Je, wanazuoni hao walisema: kwa hiyo mwanadamu yu huru? Hawakusema. Waliona wazi kwamba kukatika kwa mnyororo baina ya vitu hakumfanyi Zaidi kuwa mwenye tendo la Zaidi. Wakatafuta jambo jingine, wakaliita kasb, yaani kuchuma: namna mtu anavyolifanya tendo kuwa chumo lake, hata akastahili thawabu au adhabu. Kama waliifanikisha fikira hiyo au hawakufanikiwa, wamegombania hilo wenyewe kwa karne nyingi, na Wamutazila hawakuridhika nayo hata siku moja. Lakini swali lao lilikuwa swali lenyewe: tendo huwaje la mtu? Wanaokimbilia maabara leo wameliacha swali hilo nyuma, wakadhani wamelijibu.

Tena wamejenga juu ya kiwanja chenye kesi. Wenye fizikia hawajakubaliana kwamba nasibu ya kwantamu ni nasibu ya kweli. David Bohm alionyesha mwaka 1952 kwamba matokeo yale yale ya vipimo yaweza kuelezwa kwa chembe zifuatazo njia zilizo hakika kabisa, ila njia hizo zimefichika kwetu. Hugh Everett alionyesha mwaka 1957 njia nyingine, ambayo ndani yake mlinganyo wa Schrödinger haukatiki kamwe, na matokeo yote hutokea kila moja katika tawi lake. Nadharia ya John Bell ya mwaka 1964, na vipimo vilivyowapatia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel mwaka 2022, vimebana sana maelezo ya namna ya kwanza, lakini havikuyaua. Vimeyataka yakubali tu kwamba vitu vilivyo mbali vimeungana kwa namna ya ajabu. Basi mtu aliyetundika hiari yake juu ya Heisenberg itambidi aangalie barua za kila mwezi kutoka maabara ili ajue kama bado yu huru. Hali hiyo haimfai mtu mzima.

Mtaniuliza: wewe basi wasemaje? Umetunyang'anya elektroni, unatuachia Laplace?

Nendeni barazani mkatazame bao. Bao halina dadu. Kete 64 ziko mbele ya macho ya wote katika mashimo 32, hapana kilichofichwa. Na mtaji ukishaanzwa huenda unakoamriwa na kanuni, kete moja moja, mpaka ulale. Laplace angeupenda mchezo huu. Walakini sijapata kumsikia mzee yeyote akisema kwamba wachezaji wa bao hawachezi, ila mabao yanajicheza. Mtazame fundi. Mkono umesimama juu ya ubao. Anaufuata mtaji kwa macho mpaka unazunguka na kurudi, anaona nyumba ya mwenziwe itakavyoliwa, anaona na yake itakavyokuwa hatarini, kisha anacheza. Muulize kwa nini amecheza vile, atakwambia hapakuwa na mwingine. Amesema kwamba alilazimika, na amelisema kwa fahari. Mtazame sasa yule ajifunzaye, achukuaye kete za shimo lolote mkono unapoangukia. Mkono wa huyu haubashiriki, hata na yeye mwenyewe. Kwa kipimo cha Eddington huyu ndiye huru. Kwa kipimo cha baraza, yule wa kwanza ndiye bwana wa mkono wake.

Mambo ya nje ya ubao ni vivyo hivyo. Karani wa hazina aletewaye bahasha akasema "siwezi," hasemi kwamba misuli yake imekufa ganzi. Anasema kwamba sababu azijuazo, na mtu aliyejifanya kuwa, havimwachii njia ile. Tukiambiwa kwamba ndani yake iko elektroni ambayo siku moja katika elfu itaruka na kuipokea bahasha, hatutasema kwamba hiyo ndiyo sehemu yake iliyo huru. Tutasema ni ugonjwa, na tutamtafutia daktari.

Sidai kwamba kwa maneno haya nimelimaliza jambo. Fundi wa bao hakukichagua kichwa alichozaliwa nacho, wala mjomba aliyemketisha ubaoni akiwa mtoto. Karani hakuwachagua wazazi waliomlea katika uaminifu, na yule mla rushwa wa dirisha la pili hakuwachagua wake. Nyuma ya kila mchaguzi yako mambo ambayo hakuyachagua. Swali hilo ni zito, nami hunikosesha usingizi mara nyingine. Lilikuwapo kabla ya mwaka 1927 na liko vile vile baada yake, kwa kuwa mtu aliyeumbwa kwa nasibu hakujiumba zaidi ya mtu aliyeumbwa kwa ulazima.

Kurasa hizi ziko wazi kwa mtetezi yeyote wa elektroni atakaye kujibu. Namwomba jambo moja tu. Na atutajie tendo moja la mwanadamu, jema au baya, kubwa au dogo, ambalo likitiwa nasibu kidogo huwa la mtendaji wake zaidi kuliko lilivyokuwa.